Nilimpa, Sikumkopesha

Fundi cherehani anayeogopa sindano ni sawa na mpishi anayeogopa moto: watu watacheka kabla hujamaliza kueleza. Lakini ndivyo alivyokuwa dada wa watu, na mchana ule, kwenye ukumbi wa chini wa jengo la maduka, katikati ya watu waliobeba mifuko na watoto wanaolilia aiskrimu, siri yake ilifichuka. Yeye alikuwa ameingia kununua zipu na vifungo tu. Wauguzi wa damu walikuwa wamepanga viti vyao karibu na ngazi, mmoja akamwita, "Wewe dada wa gauni la njano, damu yako ina kazi," na kabla hajapata uongo wa kujitetea akajikuta amekaa, mkono umenyooshwa, mkono wa gauni lake zuri umekunjwa mpaka begani.

Sindano ilipokaribia, akafumba macho akaukamata mkono wa mtu wa kiti cha pili. Hakujua ni mkono wa nani na wala hakujali.

"Dada, unanivunja vidole," sauti ikasema, "na mimi hivyo ndivyo vinavyonilisha."

Alikuwa kijana wa ovaroli ya buluu, mafuta ya mashine kwenye kucha, mfuko wa damu yake karibu umejaa. Alimuuliza anafanya kazi gani. Aliposikia ni fundi cherehani alimtazama kwanza, kisha akacheka mpaka muuguzi akamwonya asitikise mrija. Akasema hajawahi kuona Sindano inayoogopa sindano, na jina likaganda hapo hapo. Naye akamlipa. Kijana alikuwa fundi wa lifti, na asubuhi hiyo alikuwa ameinusuru lifti ya jengo hilo iliyokuwa imekwama na watu ndani, wakatoka na jasho na maneno makali. Basi akawa Lifti, ngoma ikawa droo.

Muuguzi alipomaliza, mfuko wa damu ya Sindano ukalazwa juu ya meza ndogo. Sindano akageuzia uso ukutani.

"Uguse," Lifti akasema.

"Niguse nini?"

"Mfuko wako. Kitu ukikiogopa, kiguse."

Aligusa kwa ncha ya kidole, jinsi mtu anavyojaribu pasi. Mfuko ulikuwa wa moto. Akaweka kiganja kizima. Maisha yake yote damu alikuwa ameijua kama doa, adui wa kitambaa cheupe. Hakuwahi kufikiri kwamba ni joto, na kwamba joto hilo amelibeba tangu azaliwe, usiku na mchana, bila hata siku moja kulishukuru. Machozi yakamlengalenga mbele za watu.

"Ni wa moto," akasema.

"Ni wewe huyo," Lifti akajibu.

Mapenzi ni kikohozi, hayafichiki. Kabla ya mwezi kuisha, wateja wa duka la shangazi yake Sindano walikuwa wanajua kwamba simu ikiita na fundi akaacha suruali ya mtu katikati ya mshono, basi ni yule wa ovaroli. Lifti alikuwa akiuliza abiria wake amefika ghorofa ya ngapi. Sindano alikuwa akijibu amekwama na anaomba fundi. Shangazi aliyekuwa na duka alikuwa akiguna tu na kuzungusha macho. Sindano akamshonea Lifti shati la kitani la rangi ya udongo, lenye mshono wa ndani usioonekana, na Lifti akalivaa Jumapili hadi Jumapili kama sare.

Kisha Sindano akapelekwa kwa mama.

Mama yake Lifti alikuwa mwalimu wa chekechea, na kwa sababu hiyo aliwaongoza watu wazima wote kama watoto. Alimwambia Sindano akae vizuri, anawe mikono, asile haraka. Lifti alikuwa mwanawe wa pekee. Figo zake mama zilikuwa zimechoka, na mara tatu kwa wiki alikwenda hospitali kulala kando ya mashine inayomwosha damu. Kwa ajili ya mashine hiyo madaktari walikuwa wamemuunganishia mishipa miwili ndani ya mkono wa kushoto, na mahali pale palivimba kama kamba chini ya ngozi.

"Lete sikio," alimwambia Sindano.

Sindano akainama. Mkono ulikuwa unavuma, mfululizo, kama paka aliyeshiba. Damu ilikuwa inapita mle kwa kasi hata ikatoa sauti. Sindano akakaa na sikio lake pale muda mrefu kuliko adabu inavyoruhusu, na mama mtu akamwachia. Siku chache baadaye alimletea gauni la zambarau lenye mkono wa kushoto unaofunguka kwa vifungo kutoka begani hadi kiganjani, ili asilazimike kuvua nguo mbele ya watu kila anapokwenda kwenye mashine. Mama aliufungua na kuufunga mkono ule kama mtoto aliyepewa kitu cha kuchezea. "Huyu," akamwambia mwanawe, "usimpoteze."

Mambo yalikuwa matamu hivyo siku Lifti alipokuja dukani na kusema, bila kuketi, kwamba amepima, damu yake na ya mama yake zimekubaliana, na anataka kumpa figo moja.

Shangazi ndiye aliyejibu kwanza. Alisema Mungu alipompa mtu figo mbili hakukosea hesabu. Lifti akasema labda alitoa mbili ili moja iwe ya kugawa. Shangazi akasema mtu aliyekatwa akashonwa si mzima tena. Lifti akatazama vyerehani vilivyojaa chumba, akasema kwa heshima zote, shikamoo shangazi, lakini hilo si neno la kusemwa humu. Hata shangazi alicheka. Sindano peke yake hakucheka. Baba yake mzazi aliingia chumba cha upasuaji kwa miguu yake, akimwambia mke wake aweke chai motoni, akatolewa amefunikwa. Tangu hapo mlango wa chumba hicho, kwake, ulikuwa ni wa kwenda tu.

Hakusema. Aliogopa kuonekana anamchukia mama wa watu. Alikwenda nao hospitali siku ya maelezo, akakaa pembeni na futi lake shingoni, kwa sababu alitoka kazini mbio mbio.

Muuguzi aliyesimamia watoaji alikuwa mwanamke mpole wa miwani mikubwa. Aliwaonyesha picha ya ndani ya tumbo la Lifti kwenye kioo. Figo mbili, kila moja kama ngumi ya mtu. Akawaambia kwamba damu yote ya mwili hupita humo na kurudi, na kupita tena, kutwa kucha, na hakuna mtu anayesikia hata kishindo. Akasema moja ikiondolewa, ile inayobaki huanza kukua. Huongezeka unene na kazi, ikachukua zamu ya mwenzake.

"Nani anaiambia kwamba imebaki peke yake?" Sindano aliuliza.

Muuguzi akavua miwani. Alisema wataalamu wana majibu, ya homoni na ya shinikizo la damu, na yeye ameyasoma yote. Lakini kila akiwaeleza watu hujikuta anapunguza sauti.

Kisha akaeleza utaratibu wa hospitali, na naomba msikilize kwa sababu hapa ndipo mambo yalipoharibika. Anayetoa na anayepewa, kila mmoja anaweza kusema hapana mpaka dakika ya mwisho. Akisema hapana, hospitali hutamka neno moja tu: hatutaendelea. Haisemi ni nani, haisemi kwa nini, hata ukilia, hata ukileta mkubwa wako. Ndugu wameuana kwa ajili ya hapana kama hizo, alisema, ndiyo maana tunazifunika.

Keshokutwa yake Sindano alikwenda kwa muuguzi peke yake. Alikusudia kuuliza maswali tu. Maswali yakageuka machozi, machozi yakageuka ombi: wamzuie, watafute kasoro yoyote, waseme neno lao. Muuguzi alimsikiliza mpaka mwisho. Akamwambia woga si dhambi, ila mlango ule una funguo mbili tu, na yeye hana hata mmoja. Kama ana neno, akamwambie mwenye figo zake. Sindano akatoka amejaa aibu, akafika dukani ndipo akagundua kwamba amesahau futi lake. Akachukua jingine, akanyamaza.

Siku iliyofuata hospitali ikatamka neno lake. Hatutaendelea.

Kesho yake Lifti alikwenda kuuliza. Muuguzi akamwambia kitu kimoja alichokuwa na haki ya kukijua: vipimo vyake havina kasoro. Mengine si ya kwake kuyasema. Alipokuwa anatoka, mhudumu wa mapokezi akamkimbilia na futi lenye uzi mwekundu kwenye ncha. Akasema mwenzako alilisahau juzi, alipokuja kuonana na muuguzi.

Alifika dukani amevaa shati la kitani. Akaliweka futi juu ya meza ya cherehani, akalinyoosha taratibu kama mtu anayepima kitu.

"Ulikwenda?"

"Nilikwenda."

"Ukasema nini?"

Angeweza kudanganya. Hakudanganya, na hilo nampa sifa. "Nilimwomba wakuzuie. Akanikatalia, Lifti. Haki ya Mungu alinikatalia."

"Na kesho yake wakanizuia."

"Sijui kwa nini."

"Mama yangu anakufa polepole," Lifti akasema, na sauti yake ilikuwa ya chini sana. "Mwili ni wangu. Hukuweza hata kunigombeza? Hukuweza hata kuniambia naogopa, kaa? Ukapitia uani?" Akaishika kola ya shati lake. "Kikulacho ki nguoni mwako. Na nguo yenyewe ulinishonea wewe."

Akavua shati pale pale, akalikunja vizuri kama mtoto wa mwalimu, akaliacha kando ya futi, akatoka barabarani na fulana. Wateja wakatazama pindo zao. Shangazi akazima redio.

Siku zilizofuata zilikuwa za taabu, na kilichomtesa Sindano zaidi si kusingiziwa. Hakuwa na uhakika kwamba amesingiziwa. Labda yale machozi yake yalimfanya muuguzi atazame upya, labda alikuwa ameua mtu kwa kulia. Alipiga simu, haikupokelewa. Aliandika ujumbe, akaufuta. Kwa hasira alilipunguza lile shati kiunoni ili asiweze kulivaa mtu yeyote, kisha akalilia.

Simu iliyoita haikuwa ya Lifti. Ilikuwa ya mama yake.

"Gauni linanipwaya," mwalimu alisema. "Njoo na pini zako. Na unawe uso kabla hujaja, nasikia sauti imelowa."

Alimkuta amesimama mbele ya kioo na gauni la zambarau likimning'inia kama limetundikwa kwenye msumari. Alikuwa amekonda kwa namna inayotisha, na miguu imevimba. Sindano akapiga magoti akaanza kubana kiunoni, pini zimejaa mdomoni, na hapo mama akamuuliza kwa nini mwanawe halitaji tena jina lake. Sindano alisimulia yote kwa kona ya mdomo. Safari ya siri, ombi, futi.

Katika kimya cha chumba mkono wa kushoto wa mama ulisikika ukivuma.

"Toa hizo pini mdomoni," akasema, "nisije nikakuua. Ni mimi."

"Wewe nini, mama?"

"Mimi ndiye niliyesema hapana. Nilimpigia muuguzi siku ile ile uliyokwenda wewe. Sikujua kama lawama itakuangukia." Akakaa kitandani kwa tahadhari. "Uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Yule nilimtengeneza humu. Kila kilichomo ndani yake kilipita kwangu, mifupa, kucha, hizo figo. Nilimpa, sikumkopesha. Sasa nikiumwa niende kudai? Mzazi wa namna gani huyo, anayempasua mwanawe achukue alichompa?"

Sindano alibaki pale sakafuni. Nyinyi mnaosoma mngefurahi, na yeye moyo ulimruka kwanza kwa furaha: hakuua mtu. Na mama, kama aliyekuwa anamsoma usoni, akamwambia usijali, nitampigia leo, nitamwambia ni mimi, mtapatana. Atabaki na zake mbili. "Wewe na mimi tunataka jambo moja," akasema. "Tumtunze mzima."

Ilikuwa kweli tupu. Kila alichokitaka Sindano kilikuwa kimewekwa mezani, kimefunikwa kwa sahani, ni kufunua tu. Lifti mzima, Lifti wake, hana kovu, hajapita ule mlango. Ilimtosha kusema sawa mama. Badala yake aliutazama mguu uliovimba mbele yake, akauchukua mkono wa kushoto, akaweka sikio. Ule mvumo ulikuwepo bado, wenye bidii, usiojua kwamba mwenyewe amekata tamaa. Alisikiliza na mwili ukamsisimka, kama siku ya kwanza, kama siku ya mfuko. Hiki kitu hakitaki kuzima, aliwaza. Hakijaulizwa hata kidogo.

"Mama, ulimpa au hukumpa?"

"Nilimpa, nimekwambia."

"Basi ni vyake." Alijua anajinyang'anya mwenyewe. "Nikimshonea mtu gauni nikampa, siwezi kumfuata barabarani kumwambia usimpe fulani. Ni lake. Na siku nyumba yangu ikiungua, nimetoka nje sina nguo, akaja kunistiri na gauni lile lile, nimwambie sivai, nilikupa? Nisimame uchi kwa ajili ya heshima?"

Mama akalitazama gauni la zambarau.

"Mimi nilitaka kumwibia hapana yake," Sindano akaendelea. "Wewe umemwibia ndiyo yake. Sote wawili tulimpenda, na hakuna aliyemuuliza. Naogopa, mama. Lakini si letu."

Mwalimu alilia, na akilia alikuwa akimpangusa Sindano machozi kwa kidole gumba, kama alivyozoea kuwafanyia watoto. "Umenikamata kwa kitambaa," akasema mwishoni. "Nipe simu."

Lifti alikuja na ovaroli, anahema, akidhani ameitwa kwenye msiba. Mama akamwambia akae vizuri. Akamweleza bila kupamba kwamba ile hapana ilikuwa yake, na kwamba sasa ameigeuza kuwa ndiyo. Lifti alisikiliza, akamtazama mama yake, akamtazama Sindano aliyekuwa bado na kikasha cha pini mkononi, na uso ukamvurugika.

"Nilikuhukumu," akamwambia.

"Usinisafishe. Kwenda nilikwenda. Nilitaka kukuiba."

"Kuniiba?"

"Mzima mzima. Kabla hujatolewa umefunikwa, kama baba yangu."

Akaja akapiga magoti pale alipokuwa, magoti kwa magoti, mafuta ya mashine na yote. Akauchukua mkono wa Sindano akauweka ubavuni mwake, upande wa figo itakayotolewa. "Kitu ukikiogopa," akasema, na hakumaliza. Chini ya ovaroli palikuwa na joto. Sindano akaacha kiganja chake pale, akisikia pumzi ikipanda na kushuka, akifikiria ile ngumi ndogo mle ndani iliyokuwa kazini hata sasa, kimya, haijui kwamba inahamia.

"Shati langu liko wapi?" Lifti akauliza baadaye.

"Nimelipunguza. Nilikuwa na hasira."

"Kiasi gani?"

"Utalivaa mkono mmoja."

Mama akasema kama wamemaliza upuuzi wao, kuna mtu hapa amevaa pini.

Siku ya upasuaji Sindano aliketi kwenye benchi la ukumbi, na shangazi, ambaye alikuwa amesema hatakanyaga, alikuja na chupa ya chai na sweta. Mlango uliwameza wawili, mama na mwana, kila mmoja kwenye kitanda chake, na Sindano akawa anautazama kama anayetazama kinywa cha kisima. Alikuwa amechukua pindo la kushona, lakini hakuweza kutunga uzi.

Mlango ukafunguka. Daktari wa upasuaji alikuwa mwanamke mfupi, kofia ya kijani imemwachia alama kwenye paji la uso. Alisema wote wazima. Kisha hakuondoka. Alikaa kwenye benchi kama aliyetaka kumsimulia mtu. Alisema figo ikitolewa hupauka, hulala, unaweza kudhani imekufa. Wakaishona kwa mama, chini ya kitovu, pembeni. Zile za zamani huachwa palepale, kwa hiyo sasa ana tatu. Wakafungulia damu. Ikageuka waridi mbele ya macho yao. Na kabla hawajamaliza kuiunganisha, ikaanza kutoa maji yenyewe, juu ya mikono yao.

"Nimeona hilo mara nyingi," alisema. "Kila mara chumba kizima kinanyamaza."

"Pembeni ya kitovu, chini," Sindano akarudia. "Si ndiko alikokaa akiwa mimba?"

Daktari akafikiri. "Jirani kabisa," akasema.

Shangazi akajifunika uso kwa mtandio.

Walipomruhusu Sindano kuingia wodini, ilikuwa asubuhi yenye jua, na Lifti alikuwa ameshalazimishwa kutembea. Alikuja kwa hatua za kobe, ameshika ubavu, amevaa gauni la hospitali lililo wazi mgongoni, lenye mshono ambao Sindano angemfukuzia mwanafunzi. Akakaa kando ya kitanda cha mama yake. Mama alikuwa amelala macho, rangi imemrudia usoni, anatazama chini ya kitanda, ambako mfuko wa mkojo ulining'inia kwenye ndoano, na tone lilifuata tone.

Tangu figo zake zichoke, alikuwa amesahau hata kukojoa ni nini. Alikuwa akipewa maji kwa kipimo, kijiko kwa kijiko. Sasa alitazama mfuko ule jinsi watu wanavyotazama mvua ya kwanza.

"Njoo uguse," alimwambia Sindano.

Sindano akainama, akaweka kiganja. Ulikuwa wa moto. Akamtazama Lifti, na Lifti alikuwa anamtazama yeye, na wote wawili walikuwa tena kwenye jengo la maduka, kiti kwa kiti, watoto wakililia aiskrimu. Mambo makubwa yalikuwa yamefanyika usiku kucha ndani ya mama na mwanawe, bila kelele, na alama yake ilikuwa ni maji ya manjano kwenye mfuko wa plastiki, naye hakuwahi kuona kitu kizuri kuliko hicho.

"Nimebaki na moja," Lifti akasema. "Sina ya akiba. Mwenyewe unaona nilivyoshonwa. Nikikuomba unioe hivi hivi, utakubali?"

"Anayeoa ni wewe," Sindano akasema.

"Basi nikuoe?"

Alitaka kumjibu kwa utani, kwamba atampima kwanza, kwamba kitambaa kimepungua. Badala yake akapeleka mkono wake ubavuni mwa Lifti, upande usio na bandeji, kwa wepesi ule ule anaoshikia hariri, mahali ambapo ile iliyobaki ilikuwa imekwisha kuanza kukua.

Mama alikuwa hajaondoa macho kwenye mfuko.

"Mjibu haraka, mwanangu," akasema. "Huku kumejaa."

"Ndiyo," Sindano akasema, akatoka mbio kumwita muuguzi.